Lugha Iliyombakia Odeta

Renatha Kashaija hakuwahi kuwa mwalimu. Tuanzie hapo, maana Butimba nzima inamwita Mwalimu na yeye mwenyewe amechoka kubisha. Miaka yake yote ya kazi aliimalizia kwenye maabara ya kiwanda cha sukari kule Kagera, akipima juisi ya miwa, na alipostaafu akahamia Mkolani kwenye nyumba ndogo aliyoachiwa na marehemu mumewe, akafuga kuku. Ualimu ulimwangukia uzeeni. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi wanne, watu wazima wote, kila mmoja na kiwango chake, na somo lilikuwa Kihispania. Ndiyo, Kihispania, hapa hapa Mwanza. Cheka kwanza umalize, kisha nikueleze.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, wasichana wawili wa Kihaya kutoka Kamachumu, Renatha na rafiki yake Odeta, walipata nafasi ya kwenda Cuba kusomea utengenezaji wa sukari. Walikuwa hawajafika hata Dar es Salaam. Mama zao waliwavisha masweta mazito kwa imani kwamba ng'ambo yote ni baridi, wakatua Cienfuegos kwenye joto la kuivisha ndizi, jasho linachuruzika mpaka viatuni, na hakuna aliyethubutu kuvua maana mama kasema. Odeta ndiye aliyevua wa kwanza. Siku zote Odeta ndiye alikuwa wa kwanza.

Huko walitiwa darasa moja la lugha pamoja na Waangola ambao tayari walikuwa na Kireno chao, na Wayemeni waliokuwa wakiandika kutoka kulia, na wao wenyewe ambao hawakuwa na hata neno la kuombea maji. Mwalimu wao, mama mmoja wa makamo aitwaye Teodora, hakuwatenganisha. Alifundisha na sigara mkononi na sheria yake ilikuwa moja: anayejua amshike mkono asiyejua. Odeta alinasa lugha upesi, Renatha akawa mzito wa ulimi, basi Odeta akamshika mkono. Jioni walichemsha ndizi mbichi kwenye sufuria ya kuazima, wanakula huku Odeta akimuuliza jina la kila kitu kilichomo chumbani kwa Kihispania, na asiyejibu hapati ndizi. Jumamosi walishuka ufukweni kucheza muziki hadi viatu vikawauma. Siku hizi Renatha akisimama Mkolani juu ya mawe, ziwa likimetameta kule chini, huwa anaisikia harufu ya bahari ile ya Cienfuegos, ingawa ziwa letu halina chumvi hata chembe. Ee, ujana jamani.

Ahadi waliiweka huko huko. Kwamba vyovyote itakavyokuwa, waolewe na nani, wazae wangapi, uzeeni watarudi Kamachumu, wajenge jirani, migomba ikutane, wawe wanakaa barazani kutafuna kahawa na kuwasengenya watu kwa Kihispania. Watu hucheka ahadi za namna hiyo. Renatha hakucheka. Kiinua mgongo chake alikipeleka Kamachumu, akajenga nyumba yenye vyumba viwili vya kulala, na kile cha pili alikiita cha Odeta hata mafundi wakajua.

Odeta yeye aliolewa na Shimba, Msukuma wa Kisesa, fundi mitambo aliyekuja kiwandani kwao Kagera kutengeneza mashine iliyoharibika, akaondoka na mke. Wakahamia Mwanza, wakajenga Butimba. Renatha alipohamia Mkolani, wakawa wanaonana kila wiki, na wakiwa jikoni hawakusema neno lolote isipokuwa la Kihispania. Shimba alikuwa akikaa sebuleni na redio yake, akisikia jina lake likipita katikati ya maneno asiyoyajua.

"Mnanisema," alikuwa akilalamika.

"Tunakusifia, shemeji," Renatha alimjibu, na alikuwa anadanganya.

Basi mwaka juzi, kiangazi kikiwa kikali, Odeta akaanguka jikoni. Kiharusi. Mkono wa kulia na mguu vikalegea, na ulimi ukafungwa. Baada ya siku kadhaa ulimi ukafunguka, lakini kilichotoka hakikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kihaya wala Kisukuma alichokizungumza na wakwe zake maisha yake yote ya ndoa. Shimba alisimama pembeni ya kitanda cha hospitali akimsikiliza mkewe akibubujika maneno, akaamini mkewe kaingiliwa. Jirani mmoja mlokole akaja kukemea pepo, akakemea kwelikweli, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaomba wapumzishwe.

Renatha alipofika na kapu lake la mayai, alisimama mlangoni akasikiliza, akaanza kulia. Odeta alikuwa akisema kwa Kihispania, "Maji. Tangu asubuhi naomba maji. Hivi watu hawa ni viziwi?"

Daktari alieleza kwamba huwa inatokea. Ubongo ukijeruhiwa, mtu anaweza kupoteza lugha ya mama yake akabakiwa na ile aliyojifunza ukubwani, na nyingine zinaweza kurudi kidogo kidogo au zisirudi. Akasisitiza jambo moja: mgonjwa asemeshwe kila siku. Asiposemeshwa, hata hicho kilichobaki kitakwenda. Shimba akauliza amsemeshe kwa lugha gani.

Hapo ndipo kaka yake Odeta alipoingia. Ta Kahigwa, mkubwa wa familia kule Kamachumu, mzee wa neno moja, alimpigia Shimba simu. "Mwacha asili ni mtumwa," alisema. "Dada yangu amelala kwenye nyumba ambayo hakuna anayemwelewa. Kabla ya Krismasi nakuja na meli kumchukua. Huku ana ndugu, na Renatha naye anarudi, atakuwa na mtu wa kuzungumza naye." Na ni kweli, Renatha alikuwa amemwambia, wakimleta Odeta na yeye anafunga nyumba ya Mkolani siku hiyo hiyo.

Usimlaumu. Alimpenda rafiki yake, na alikuwa mpweke. Watoto wake wako Dar, wanapiga simu Jumapili, wanauliza kuku wanaendeleaje.

Renatha ndiye aliyempelekea Odeta habari hiyo, akakaa kitandani kwake akamweleza kwa lugha yao. Kaka anakuja. Unataka kwenda Kamachumu? Mambo yote hadi siku ile yalipitia kwa Renatha: naumwa wapi, nageuzwaje, nipelekeni msalani, uji huu hauna chumvi. Safari hii Odeta alimzuia kwa mkono wake mzima.

"Hili nitamwambia Shimba mwenyewe," alisema.

"Shimba hajui Kihispania."

"Mfundishe."

"Si uniambie mimi nimfikishie? Kazi yangu si ndiyo hiyo?"

"Hili silipitishi kwa mtu, Rena. Mume wangu atalisikia kutoka mdomoni kwangu."

Renatha alirudi Mkolani ameumia kidogo, nisikufiche. Lakini njiani akajituliza. Alidhani amelijua neno lenyewe. Mwanamke aliyekaa na mume miaka yote hiyo hawezi kuaga kwa kutumia mkalimani. Atataka kumshukuru, kumwomba ruhusa, kisha aende zake nyumbani. Ni heshima. Ndivyo Renatha alivyoelewa, na ndivyo alivyoanza kufundisha, akiwa na haraka kuliko wanafunzi wake.

Darasa likafunguliwa sebuleni kwa Shimba, mchana baada ya chakula. Wanafunzi walikuwa Shimba mwenyewe. Binti yake Justa, anayefundisha shule ya msingi. Mume wa Justa, anayeitwa Ngosha, dereva wa watalii Serengeti. Na Getruda, mama wa Kikerewe anayemhudumia Odeta mchana, kumwogesha na kumlisha. Kwa kiwango sasa, hapo ndipo palikuwa na kazi. Ngosha alijua Kihispania cha barabarani: tembo yule pale, msishuke kwenye gari, choo kiko mbele. Alikisema kwa kasi na bila woga. Justa alikuwa amekulia jikoni miguuni pa mama yake na Renatha, akaelewa karibu kila kitu, na hakuwahi kutamka hata neno moja. Kumbe mtoto yule alikuwa anawasikia siku zote. Renatha alikumbuka mambo waliyoyasema pale jikoni, akaona haya. Getruda alikuwa hana kitu, ila aliamini mgonjwa akipigiwa kelele atakisikia hata Kikerewe. Na Shimba, fundi mstaafu, mzee wa watu, alikuwa na mdomo mgumu kuliko wote.

"Samaki mkunje angali mbichi, shemeji," alimwambia Renatha siku ya kwanza. "Mimi nimeshakauka kama kayabo. Ukinikunja utanivunja."

"Kayabo ikilowekwa inalainika," Renatha akamjibu. "Haya, tuanze na maji. Sema: agua."

Shimba akasema. Getruda akaangua kicheko. Mzee akaangalia dirishani.

Hapo Renatha akafanya kosa. Alikumbuka sheria ya Teodora, anayejua amshike mkono asiyejua, akaona njia imepatikana. Ngosha ndiye mwenye kusema vizuri, Shimba ndiye mzito. Basi akawaweka viti viwili, ana kwa ana, magoti kwa magoti, akamwambia Ngosha amsahihishe mzee mpaka aseme sawa. Masikini, ile sheria ilitoka Cienfuegos. Wasukuma wana zao.

Ngosha alikuwa mtu ambaye hajawahi kuingia chumba alimolala mama mkwe wake. Hata darasani alikaa karibu na mlango wa nje, na pazia la chumbani kwa Odeta likipeperuka anainamisha macho. Alikuwa akisikia sauti ya Odeta, anaelewa anaomba nini, na anamwambia Justa kwa sauti ya chini, "Mama anataka mto," lakini yeye hainuki. Mwanamume na mama mkwe hawakutani nyuso, ndiyo heshima. Renatha alilijua hilo. Asichokipima ni kwamba na baba mkwe naye ana mizani yake. Ukimkalisha mzee mbele ya mkwe wake, mkwe anamwambia "Hapana, baba, rudia," umemvua nguo mchana kweupe.

Ngosha alitokwa jasho. Alisema "rudia, baba" mara moja tu, macho sakafuni. Shimba alirudia, akakosea tena. Kisha akasimama taratibu, akaweka kofia yake kichwani, akamwambia Renatha, "Shemeji, nashukuru kwa kazi yako. Elimu hii imenishinda." Akatoka kwa mlango wa nyuma. Kesho yake hakutokea darasani, na kesho kutwa yake hakutokea. Ngosha naye akaanza kupata safari za Serengeti ambazo hazikuwepo.

Chumbani Odeta alikuwa akiuliza kila siku, "Shimba amefikia wapi?" Renatha akawa anamjibu kwamba anaendelea vizuri. Alikuwa anadanganya tena, na safari hii uongo haukuwa na utamu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Meli ya Ta Kahigwa ilikuwa inakaribia. Na Odeta alikuwa ameanza kunyamaza siku ambazo Renatha hakuja. Justa alijaribu kumsemesha, akashikwa na kigugumizi, akaishia kumshika mkono na kulia. Getruda alisema mama anashinda anatazama dari.

Siku moja Renatha akafika mapema, nyumba kimya, akazunguka nyuma. Nyuma ya nyumba ile kuna kijishamba kilichobanwa na mawe, kinaishia chini ya dirisha la chumba cha Odeta. Shimba alikuwa anapandisha matuta ya viazi, na Ngosha alikuwa amekuja kumsaidia, maana hata mkwe mwenye gari la watalii, msimu wa kulima anashika jembe la baba mkwe wake. Walikuwa kwenye mstari mmoja, wote wanatazama ziwani, hakuna anayemtazama mwenzake. Shimba ujanani alikuwa mlimaji wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na uzee haujamtoa mdundo mwilini. Ngosha anaanzisha wimbo wa kulimia, mzee anaitikia, majembe yanashuka pamoja. Ngosha alipokosea mstari, mzee aliuimba sawasawa akiendelea kulima, na hakuna aliyeaibika. Mzee naye alipokosea, Ngosha akaurudia mstari wote upya kana kwamba ndivyo wimbo unavyokwenda.

Renatha alisimama pale kwenye tope na viatu vyake vya kanisani. Alijisikia mjinga, na alijisikia furaha. Aliingia ndani akavua viatu, akatoka na jembe la Getruda.

"Shemeji," alimwita Shimba, "nipe tuta."

"Utaweza?"

"Mimi ni Mhaya, sijafa. Ngosha, baba, hebu anzisha huo wimbo kwa Kihispania. Sema lolote unalolijua. Sisi tutaitikia."

Ngosha alicheka kwanza. Kisha akaangalia mbele, akanyanyua jembe, akaimba habari za asubuhi kwa Kihispania, kwa mdundo wa Kisukuma. Jembe likashuka. Renatha akaitikia. Ngosha akaimba tena. Shimba akalima kimya, akalima kimya, halafu mdomo wake ukafunguka wenyewe kama unavyofunguka kwenye ngoma, akaitikia kwa sauti nzito: buenos días. Jembe likashuka.

Na dirishani sauti ya kike, dhaifu, iliyopinda upande mmoja, ikaitikia nao.

Ngosha alitaka kukimbia. Ukuta ulikuwa katikati, na dirisha lilikuwa na wavu na pazia; hamwoni, haonwi. Mzee Shimba alisimamisha jembe, akaangalia dirisha, akasema bila kugeuka, "Endelea kulima, baba. Ukuta upo." Basi heshima ikabaki mahali pake na darasa likaendelea.

Tangu siku ile hawakukalia viti tena. Darasa lilihamia shambani. Ngosha anaanzisha, Shimba na Renatha wanaitikia, Justa akitoka shuleni anavua viatu anaingia kwenye mstari, na Getruda anapita na maji ya kunywa akitangaza kwa kelele, agua, agua, mpaka majirani wakajua neno hilo. Odeta akawa mwalimu mkuu kutoka dirishani. Akisikia kosa anapiga ukuta kwa mkono wake mzima, wanarudia wote pamoja, aliyekosea na asiyekosea, hakuna anayetajwa jina. Justa alifunguka mdomo humo humo shambani. Siku moja aliimba sentensi nzima ambayo hakuna aliyemfundisha, sentensi ya zamani ya jikoni kuhusu soksi za Shimba, na ndani ya nyumba Odeta alicheka mpaka Getruda akakimbilia kumwinua kwenye mto. Shimba akauliza imesemaje. Hakuna aliyemwambia.

Matuta yaliisha. Walipanda viazi, wakatafuta magugu yasiyokuwepo ili wapate sababu. Renatha, ukimuuliza leo, atakwambia kwamba hakuwa na furaha namna ile tangu Cienfuegos. Mgongo ulimuuma, kucha zilijaa udongo, na ile lugha aliyoihesabu kuwa ya watu wawili ikawa inaruka juu ya matuta kwa sauti ya Kisukuma na ya Kikerewe. Wakati mwingine ilimchoma, nisikudanganye. Ni kama mtu anayetumia kikombe chako bila kukuomba. Lakini jioni Shimba alikuwa akiingia chumbani, anakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, na Renatha anamsikia akitafuta maneno moja moja: mvua, kiazi, umelala, nakupa maji. Odeta alimsubiri kila neno mpaka lije.

Ta Kahigwa alifika na meli ya asubuhi, wiki moja kabla ya Krismasi, na mikungu ya ndizi, na senene waliokaangwa vizuri, na kahawa. Renatha alimpokea kwa shikamoo na akafurahi kumwona. Kwake Mkolani mabegi yalikuwa yameshafungwa. Kuku alikuwa ameshampa jirani.

Walikaa sebuleni. Odeta alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye mito, nywele zimesukwa, kitenge kipya. Ngosha alikuwa nje, nyuma ya ukuta, kwa heshima. Ta Kahigwa alikunywa chai, akasema aliyokuja kuyasema kwa upole: kwamba hakuna anayemlaumu Shimba, amemtunza dada yao vizuri, lakini mgonjwa huenda kwao, damu ni nzito kuliko maji, na meli inarudi kesho.

"Nimekusikia, shemeji," Shimba alisema. "Naomba nimuulize mwenye mwili wake."

Akasogeza kigoda mbele ya mkewe. Akavua kofia. Kihispania chake kilikuwa kama alivyo yeye, kizito na cha polepole. Alimuuliza Odeta anataka nini, amwambie yeye, Shimba, anamsikiliza.

Odeta akasema polepole. Renatha alitambua anachokifanya: alikuwa anachagua maneno ya shambani tu, yale ambayo mumewe ameyaimba juu ya matuta, asije akampoteza. Sentensi zilikuwa fupi. Yo no me voy. Me quedo aquí. Contigo.

Renatha alisikia, akakumbuka mabegi yaliyofungwa Mkolani.

Midomo ya Shimba ilirudia kila neno. Kisha machozi yakamjia, mzee mzima, mbele ya shemeji yake. Akageuka. "Amesema haendi," alisema. "Anabaki hapa. Na mimi."

Ta Kahigwa aliweka kikombe chini. Hakukasirika. "Shimba, nakuheshimu," alisema, "ila wewe ni mwenye kesi, huwezi kuwa hakimu pia. Lugha hii mimi siijui, na ungeweza kuniambia lolote." Akamgeukia Renatha, akahamia Kihaya. "Ma Renatha, wewe ni wa kwetu, na lugha hiyo ni yako. Amesemaje dada yangu?"

Sebule nzima ilimtazama Renatha. Kamachumu ilikuwa mdomoni mwake. Nyumba, kile chumba cha pili, migomba, uzee wote aliokuwa ameupanga tangu ana miaka ishirini. Alimtazama Odeta, na Odeta alikuwa anamtazama yeye, si kaka yake, si mumewe.

"Ndiyo maana sikutaka upite kwako, Rena," Odeta alimwambia kwa Kihispania, taratibu. "Nilijua utaumia, na bado ungenifikishia vizuri. Sikutaka nikubebeshe."

Renatha alimgeukia Ta Kahigwa. Alizungumza Kihaya, kwa sauti, ili pasiwepo na shaka.

"Amesema anabaki kwa mume wake. Shimba hajaongeza neno wala hajapunguza. Ndivyo alivyosema."

Ta Kahigwa aliinamisha kichwa. Akasema basi, kama ndiye mwenyewe amesema, amesema, na yeye hana meli ya kumbeba mtu kwa nguvu. Akaomba chai nyingine.

Renatha alitoka kwa mlango wa nyuma. Ngosha alimwona uso akaondoka kimyakimya kuelekea barabarani. Majani ya viazi yalikuwa yameshafunika matuta. Alisimama katikati yao akalia, na hakujificha, akawalilia Odeta wa miaka ishirini na yeye mwenyewe wa miaka ishirini, wasichana wa masweta, ambao sasa hakuna mahali watakaporudi kukaa pamoja. Alilia mpaka akamaliza. Ziwa lilikuwa pale pale chini, kati ya mawe.

Ndipo akasikia anaitwa dirishani. Haikuwa sauti ya Odeta. Ilikuwa sauti nzito ya mzee, kwa Kihispania kilichopinda, ikimwambia aingie ndani, chai inapoa, Odeta hatakunywa kama yeye hayupo. Kwa miaka yote hiyo, hakuna mtu mwingine Mwanza aliyewahi kumwita kwa lugha hiyo isipokuwa mmoja.

Renatha alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akamjibu Shimba kwa Kihispania kwamba anakuja.